Mtoto mwenye ulemavu na matibabu ya serikali nchini Uganda: mwongozo kwa mzazi

Hapa Busia, ambako soko limelala pande zote mbili za mpaka, swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wenye mtoto mlemavu ni hili: kadi ya bima ya serikali inachukuliwa ofisi gani? Swali hilo lina asili yake. Majirani zetu wa upande wa Kenya walikuwa na bima ya taifa ya NHIF kwa miaka mingi, na tangu Oktoba 2024 wamo katika SHA iliyochukua nafasi yake, kwa hiyo mzazi wa upande huu hudhani kwamba na yeye ana kadi yake mahali fulani, ila hajaonyeshwa dirisha tu. Jibu ni kwamba kadi hiyo haipo. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwezi Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini, na mzazi anayesubiri bima hiyo ndipo ampeleke mtoto hospitali anapoteza miezi ambayo mtoto hana.

Kilichopo ni cha zamani zaidi. Mwezi Machi 2001 serikali iliondoa ada katika vituo vyote vya afya vya umma, isipokuwa wodi za kulipia zilizo ndani ya hospitali. Hiyo ndiyo kinga ya mtoto wako. Haiandikishwi na haina orodha ya wanachama. Mtoto yeyote anayefikishwa katika kituo cha serikali anaistahili, awe na ulemavu au asiwe nao. Ugumu wake ni kwamba imekatika vipande vipande: kipande kimoja kiko katika kituo cha afya cha kaunti ndogo, kingine hospitali ya rufaa, kingine kwa hospitali za hisani, kingine katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na hakuna mtumishi ambaye kazi yake ni kukuunganishia vipande hivyo. Mzazi ndiye huviunganisha, na kamba anayofungia ni makaratasi.

Kinachotolewa bure na kinacholipiwa

Katika kituo cha serikali hulipi kumwona tabibu, hulipi kitanda, hulipi chanjo, hulipi dawa zilizopo stoo, wala vipimo ambavyo maabara ya kituo hicho ina uwezo wa kuvifanya. Vidonge vinavyosambazwa na bohari ya taifa ya dawa, NMS, hupigwa chapa ya herufi UG, na dawa yenye chapa hiyo haiuzwi popote. Ukiuziwa, ujue imeibwa.

Lakini neno "bure" lisikulaze. Dawa zikiisha stoo, utaandikiwa karatasi ukanunue dukani, na kwa mtoto mwenye kifafa anayehitaji dawa kila siku gharama hiyo huja tena na tena. Picha za ubongo za CT mara nyingi hulipiwa hata ndani ya hospitali ya umma. Viatu maalumu, vishikizo vya miguu na viti vya magurudumu vina hesabu yao, nitakayoieleza mbele. Nauli ni yako, chakula cha anayelala na mtoto wodini ni chako, na kwa familia nyingi ninazozifahamu gharama hizi mbili ndizo huvunja safari ya matibabu kabla hata daktari hajaonana na mtoto. Hospitali za kidini, kama vile Nsambya, Mengo, Kibuli au Lacor ya Gulu, si za serikali. Baadhi yake hupewa ruzuku na serikali, lakini hutoza ada, na ni vema kuuliza kiasi chake kabla ya kuketi kwenye benchi.

Ukiombwa fedha ndani ya kituo cha umma, uliza kwa adabu ("musawo" ni Kiganda, maana yake mhudumu wa afya): "Musawo, hii inalipiwa wapi, na risiti inatolewa na nani?" Malipo halali, kama ya wodi ya kulipia, yana mhasibu na yana risiti. Yasiyo halali, nionavyo mimi, hufifia pale risiti inapotajwa. Angalia pia usiingizwe katika wodi ya kulipia bila kujua, kwa maana mlango wake huweza kuwa hatua chache tu kutoka ule wa kawaida, na foleni yake fupi humvuta mzazi aliyechoka.

Makaratasi

Anza na kuzaliwa kwa mtoto. Mtoto aliyezaliwa hospitali hupewa taarifa ya kuzaliwa, ambayo ndiyo unayoipeleka NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, kwa ajili ya cheti; aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia uongozi wa kijiji na kaunti ndogo. Tangu Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, mtoto naye husajiliwa na kupewa namba yake ya utambulisho. Kituo cha afya hakitakataa kumtibu mtoto kwa kukosa cheti, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Cheti kinahitajika baadaye, wakati wa kuomba kifaa, ruzuku, au msaada wa hisani, na wakati huo ndipo wazazi wengi hugundua kwamba jina la mtoto limeandikwa namna tatu tofauti katika karatasi tatu. Chagua herufi moja moja za jina hilo mapema, kisha usizibadilishe tena.

Kadi ya chanjo itunze hata baada ya chanjo kuisha. Ndiyo karatasi pekee inayoonyesha uzito wa mtoto tangu kuzaliwa, na daktari anayetaka kujua tatizo lilianza lini huisoma kabla ya kukuuliza lolote.

Karatasi ninayoithamini kuliko zote ni daftari la shule la kawaida, lile ambalo vituo vyetu huandikia matibabu. Nunua lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza andika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, jina la mlezi na simu yake. Ukurasa wa pili andika historia ya uzazi kwa maneno ya kawaida: mimba ilikuwa ya miezi mingapi, uchungu ulidumu kwa muda gani, mtoto alilia papo hapo au alichelewa, aligeuka manjano au hakugeuka, alipata degedege katika umri gani. Kurasa zinazofuata waachie matabibu, na kila unapoondoka chumbani hakikisha kwamba tarehe, ugonjwa, dawa na kipimo chake vimeandikwa. Nimemwona mama aliyesafiri hadi hospitali ya rufaa akiwa na mtoto wa miaka minne na karatasi moja iliyofifia, akaanzishwa upya kama mgonjwa wa siku ya kwanza. Wiki iliyofuata alikuja mwingine mwenye daftari, akaingia moja kwa moja kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hali za watoto wao zilikaribiana sana. Piga picha kila ukurasa kwa simu, kwa kuwa mvua na panya havichagui karatasi.

Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hukuthibitisha kuwa mkazi. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: katika kamati ya kijiji, makamu wa mwenyekiti ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto, na mwakilishi wa watu wenye ulemavu naye ana kiti chake. Wakutane na mtoto mapema, kabla hujawahitaji, ili siku utakapohitaji barua wawe wanaandika juu ya mtoto wanayemfahamu.

Mlango wa kwanza

Ngazi za huduma zinaanzia kijijini kwa wahudumu wa kujitolea tunaowaita VHT, zinapanda hadi kituo cha afya cha daraja la II katika parishi, cha III katika kaunti ndogo, cha IV chenye chumba cha upasuaji, kisha hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu kabisa hospitali za rufaa za taifa, kama Mulago, na Butabika kwa magonjwa ya akili. Kwa mtoto mwenye ulemavu ninashauri kuanzia daraja la III au la IV, kwa sababu daraja la II halina wataalamu wa kutosha wa kumpima, na kurukia Mulago bila barua ya rufaa humaanisha kupanga foleni na watu kutoka nchi nzima, kisha pengine kuambiwa urudi wilayani kwako uanze huko.

Usisubiri mtoto "akue tu". Mtoto ambaye hajakaza shingo akiwa na miezi minne au mitano, hajakaa bila kushikiliwa akifika miezi tisa, au hajatembea akifika miezi kumi na minane, anastahili kupimwa, na anayesema kwamba wavulana huchelewa au kwamba ni mizimu ya upande wa baba hatakuwepo siku gharama zitakapokuja. Sheria ya Watoto ya Uganda iko upande wako katika jambo hili, kwa kuwa inawataka wazazi na serikali wahakikishe kwamba mtoto mwenye ulemavu anapimwa mapema iwezekanavyo, anapewa matibabu yanayofaa, na anapata nafasi ya kurekebishwa viungo na ya kusoma.

Ukiingia chumbani, usianze na malalamiko ya jumla kama "mtoto hana nguvu". Sema jambo linalopimika: "Musawo, ana miezi saba na shingo haijakaza, na mkono wa kushoto hukunja ngumi wakati wote." Maneno ya namna hiyo humlazimu tabibu kuandika, na akiandika, ombi la rufaa linakuwa na msingi. Barua ya rufaa yenyewe isome kabla hujatoka. Iwe na jina sahihi, ugonjwa unaoshukiwa, kilichofanyika hadi hapo, idara unayotumwa, sahihi na muhuri. Isiyo na muhuri hurudishwa, na nauli hairudishwi.

Uliza pia siku ya kliniki. Katika hospitali nyingi za rufaa za mkoa kliniki ya mifupa ya watoto, ya kifafa au ya mazoezi ya viungo ina siku yake maalumu ya wiki, na anayefika siku nyingine hulala kwenye veranda.

Mahali pa kwenda kulingana na tatizo

Miguu iliyopinda tangu kuzaliwa ndiyo habari njema kuliko zote, na kwa sababu hiyo inasikitisha kuona mtoto wa miaka sita akitembelea ubavu wa nyayo. Njia ya Ponseti, ambayo Wizara ya Afya ya Uganda iliikubali kupitia mradi ulioanza mwaka 2004, hunyoosha mguu kwa mikono na kuufunga plasta kila wiki, kwa kawaida plasta tano hadi saba. Wengi huhitaji kukatwa kidogo mshipa wa kisigino, jambo dogo lisilohitaji upasuaji mkubwa, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baada ya hapo usiku tu hadi afikie miaka minne au zaidi. Plasta si kazi ngumu kwa mzazi. Kazi ngumu ni viatu vya usiku, kwa kuwa mtoto hulia, bibi huona huruma akavivua, na mguu hurudi ulikokuwa. Mweleze bibi kabla ya plasta ya kwanza. Kliniki za miguu hiyo zipo katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na wiki ya kwanza ya maisha si mapema mno.

Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi uliovimba na macho yanayoelekea chini ni dalili za maji kichwani, na hapa siku zinahesabiwa. Uganda ina bahati ambayo nchi nyingi za Afrika hazina: hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale imekuwa ikitibu ugonjwa huu na mgongo wazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hapo ndipo daktari Mmarekani Benjamin Warf alipokuza njia ya kuyafungulia maji mkondo ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba, bila kuacha mrija wa kudumu, njia iliyokuja kutumiwa katika nchi nyingine. Yeye na wenzake walionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliowatibu walipata ugonjwa huu baada ya maambukizi, mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa maisha, na si kwa kurogwa. Hospitali hiyo si ya serikali, kwa hiyo mzazi aulizie kitengo cha ustawi wa jamii mapema na kueleza uwezo wake kwa ukweli, akiwa na barua ya LC1 mkononi. Kipimo cha kwanza ni utepe wa kupimia nguo tu: kituo chochote kinaweza kupima mzunguko wa kichwa, na ukipimwa mara mbili kwa wiki mbili tofauti na kuandikwa katika daftari, rufaa yako itakuwa na uzito.

Utindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema hata mtoto akashindwa kutawala viungo vyake, ni jambo la muda mrefu zaidi. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta watoto 2.9 kati ya kila 1,000 wakiwa nao, na katika takriban robo yao ulihusishwa na magonjwa yaliyowapata baada ya kuzaliwa, hasa malaria ya ubongo. Hakuna upasuaji wala sindano ya kuuondoa, na anayekuuzia hiyo anakuibia. Kinachosaidia ni mazoezi ya viungo ya kila siku, namna sahihi ya kumkalisha na kumlisha ili asipaliwe, dawa ya kifafa ikiwa nacho kipo, na vifaa. Hospitali ya rufaa haiwezi kumfanyisha mtoto wako mazoezi kila siku. Kazi yake ni kukufundisha wewe. Kwa hiyo usiridhike na dakika kumi za kutazama. Omba uyafanye mwenyewe mbele ya mtaalamu, akusahihishe, na akuruhusu urekodi kwa simu. Kituo cha Katalemwa Cheshire Home, kaskazini mwa Kampala, kimekuwa kikipokea watoto wa namna hii pamoja na walezi wao na kuwafundisha.

Dawa za kifafa kama fenobabitoni na kabamazepini zimo katika orodha ya dawa muhimu za serikali. Daima chukua dawa ya mwezi unaofuata kabla ya mwezi huu kwisha, na kamwe usizikatize ghafla kwa sababu mtoto amekaa wiki tatu bila kuanguka. Kuzikatiza huweza kuleta degedege refu linaloua. Ukiambiwa stoo hakuna, uliza lini shehena inayofuata inafika na kituo gani cha jirani kinayo, kwani mara nyingi watumishi hujua.

Mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, makovu ya moto yaliyofunga viungo, na mifupa iliyopinda hupelekwa hospitali ya CoRSU, Kisubi, barabara ya Entebbe, iliyojengwa mahsusi kwa watoto wenye ulemavu na kufunguliwa mwaka 2009. Upasuaji wa mdomo sungura hapo umekuwa ukifadhiliwa na shirika la Smile Train. Kwa macho, mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha au gizani ni dharura, kwa kuwa yaweza kuwa mtoto wa jicho na yaweza kuwa saratani. Walioko magharibi huenda Ruharo, Mbarara, na walioko Kampala huenda Mengo. Kwa masikio, omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya mkoa. Usonji na matatizo ya tabia ndiyo yana huduma chache zaidi: Butabika ina wodi ya watoto, na hospitali za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, lakini foleni ni ndefu na tiba ya kuzungumza hupatikana zaidi kwa kulipia.

Vifaa

Hospitali kadhaa za umma, zikiwemo Mulago, Mbale, Gulu, Arua, Mbarara na Fort Portal, zina karakana za mifupa ambako mafundi hutengeneza vishikizo vya miguu, miguu bandia, magongo na viti vya kukalisha watoto. Fundi ni mtumishi wa serikali na humlipi. Vifaa vya kazi ndivyo hukosekana, na hapo huombwa mzazi achangie plastiki au ngozi. Omba makadirio kwa maandishi. Karatasi hiyo ya makadirio, yenye muhuri wa karakana, ndiyo unayoipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, kwa diwani, kanisani au msikitini, kwa kuwa mtu hutoa kwa urahisi zaidi anapoona kiasi kimetajwa na fundi.

Kiti cha magurudumu kilichogawiwa na mwanasiasa katika mkutano wa hadhara kipokee kwa shukrani, kisha kipeleke karakana kabla ya mtoto kukikalia siku nzima. Kiti cha mtu mzima humpinda mtoto mgongo na kumtia vidonda, na nimeona vingi vilivyogeuzwa kuwa vibebea mitungi ya maji, jambo ambalo angalau linamfaa mtu fulani.

Nauli na matunzo

Katika kila baraza la kaunti ndogo na la wilaya kuna madiwani wanaowakilisha watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, na Bungeni wapo wabunge watano. Diwani wako atafute kwa jina katika ofisi ya kaunti ndogo. Hana fungu la nauli la kukugawia, lakini hukaa katika kikao kinachopitisha majina ya vikundi vya kupewa fedha, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Fedha zenyewe hutoka zaidi katika ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu, inayoendeshwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii tangu mwaka wa fedha 2009/10. Hupewa vikundi vyenye mradi wa kujiongezea kipato, na wazazi au walezi wa watoto wenye ulemavu mkubwa wanaruhusiwa kuingia. Mzazi mmoja mmoja hapewi. Kwa hiyo tafuta wenzako, mfungue daftari la michango, muandikishe kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, mfungue akaunti ya benki, na mchague mradi ambao mama anayembeba mtoto mgongoni anaweza kuufanya akiwa nyumbani. Kuku na nguruwe wameshinda biashara ya kutembeza katika vikundi nilivyovifuatilia. Mfuko wa parishi, PDM, uliozinduliwa Februari 2022, nao unawatambua watu wenye ulemavu katika mgao wake.

Kikundi kina faida nyingine. Kule Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, watu walikuwa na vyama vya engozi, yaani vya kubebana kwa machela kupeleka mgonjwa hospitali au maiti kaburini, na mwaka 1996 hospitali ya misheni ya huko ilijenga bima yake juu ya vyama hivyo hivyo: familia hujiunga kwa kikundi, hulipa mchango mdogo, na hutibiwa kwa nyongeza ndogo. Kama kuna hospitali ya namna hiyo karibu nawe, jiunge ukiwa mzima, maana mtu haandikishwi akiwa tayari kitandani. Sisi hapa tumeiga sehemu tu, kwa kuweka kibubu cha nauli: kila mzazi hutoa shilingi elfu mbili kwa wiki, na mwenye tarehe ya kliniki huchukua.

Mzazi aliyeajiriwa mwenye bima ya kampuni asome ukurasa wa mambo yasiyogharamiwa. Magonjwa ya kuzaliwa nayo huondolewa katika mikataba mingi au huwekewa kiwango kidogo, na ni heri kulijua hilo mwezi wa kusaini kuliko siku ya upasuaji.

Wakimbizi

Wasomaji wengi wa Kiswahili katika nchi hii wako Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja, wametoka Kongo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya huduma, na katika vituo vya afya vya makazi mkimbizi na mwenyeji hukaa benchi moja. Hakikisha mtoto ameandikwa katika karatasi ya usajili ya familia, na wakati wa kuandikishwa au kuhakikiwa taja ulemavu wake waziwazi ili uingie katika kumbukumbu, kwani misaada ya ziada hufuata kumbukumbu hizo. Rufaa ya kutoka nje ya makazi hupitia kituo cha afya cha makazi. Ukijipeleka mwenyewe Kampala, gharama inakuwa yako. Kama musawo hajui Kiswahili, uende na mtu anayejua lugha zote mbili, asiwe mtoto wa shule, maana kuna mambo ya uzazi ambayo mama hatayasema mbele ya mwanawe.

Ukikataliwa

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kumbagua mtu katika huduma za afya kwa sababu ya ulemavu wake. Ubaguzi huo kwa kawaida huja kwa sauti ya upole: "Mama, huyu naye tumfanyie nini?" Jibu ni kuomba jibu hilo liandikwe katika daftari. Mara nyingi musawo, akishika kalamu, hubadili mawazo na kuandika rufaa.

Asipoandika, mwone msimamizi wa kituo siku hiyo hiyo. Pasipo suluhisho, andika barua ya ukurasa mmoja kwa afisa mkuu wa afya wa wilaya, ukitaja tarehe, saa, kituo, idara, maneno uliyoambiwa na unachokiomba, na unakili kwa diwani wa watu wenye ulemavu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Maneno makali hayaongezi nguvu ya barua, ila tarehe huiongeza sana. Juu ya wilaya kuna Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na yenye mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ubaguzi, na Tume ya Haki za Binadamu yenye ofisi katika miji kama Arua, Gulu, Soroti, Jinja, Mbarara na Fort Portal. NUDIPU, muungano wa watu wenye ulemavu uliopo tangu mwaka 1987, una vyama katika wilaya na husaidia wasiojua kuandika. Ikiwa mtoto anafichwa, anapigwa au ananyimwa matibabu na jamaa zake wenyewe, simu ya bure ya watoto ni 116, iitwayo Sauti, na anayepiga halazimiki kuwa mzazi.

Barua hiyo ya malalamiko nayo ibandike katika daftari, kwenye kurasa za mwisho, mbali na maandishi ya matabibu. Daktari atakayelifungua mwezi ujao anahitaji kuanza na uzito wa mtoto na dawa anazotumia, na ugomvi wako na kituo asikutane nao kwanza.